Motokari ya umeme: uwongo na ukweli tangu 1899

Wandugu, uwongo wa kwanza ni kusema motokari ya umeme ni kitu kipya. Hapana. Tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris, Mbeleji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kupitisha kilometa 100 kwa saa katika motokari, na ile motokari ilitembea na batiri. Miaka ile, huku kwetu Kasongo na Kabambare, mizigo ya Wabeleji ilitembea juu ya vichwa vya babu zetu.

Sasa kwa nini esansi ilishinda? Ford T ya 1908 ilikuwa bei rahisi. Halafu 1912 Cadillac wakatia kamota ka umeme ka kuwashia, watu wakaacha kusokota manivela. Yaani umeme wenyewe ndio ulisaidia kuua motokari ya umeme!

Uwongo mwingine unatuhusu sana: eti bila kobalti ya Kongo, hakuna batiri. Batiri za chuma na fosfati hazina kobalti hata punje, na Wachina wanazitia katika motokari nyingi. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje kwa miezi 4, sababu ilikuwa imejaa sokoni na bei imeanguka.

Tena kobalti iko Lualaba na Haut-Katanga. Maniema tuko na kasiteriti, koltani, na dhahabu ya Namoya. Basi yule anayesema Kabambare imekaa juu ya batiri, mumuulize ameona jiwe gani.