Sura ya barua pepe ilikotoka

Wiki hii tuzungumze juu ya barua. Si ile ya stempu, bali barua pepe, na hasa ule waraka ambao chama, shirika au duka huwapelekea watu waliojiandikisha kuupokea. Tunaufungua kwenye simu, tunatupia jicho, tunafuta. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini nyaraka hizo zinafanana kama mapacha: jina juu, safu nyembamba katikati, maandishi madogo chini. Sura hiyo ina historia yake, tena ya vurugu.

Mwezi Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Digital ya Marekani, alitaka kuwaalika watu kwenye maonyesho ya kompyuta mpya huko California. Mtandao wa siku hizo, ARPANET, uligharamiwa na Wizara ya Ulinzi, na watumiaji wake walikuwa wachache kiasi kwamba majina yao yalichapishwa kitabuni. Basi badala ya kumwandikia mmoja mmoja, wakaandikiwa kwa mkupuo watu wapatao 400. Anwani zikazidi nafasi iliyotengwa, zilizobaki zikamwagika ndani ya barua yenyewe, hata msomaji akalazimika kupita msitu wa anwani kabla ya kuifikia habari. Nayo habari ilikuwa kwa herufi kubwa tupu, kama mnadi wa mitumba. Malalamiko yakaja upesi, na wasimamizi wa mtandao wakakemea.

Barua ile ilikuwa na kasoro mbili: haikuwa na umbo, na waliopelekewa hawakuiomba.

Umbo lilichelewa. Ni mwaka 1992 ambapo Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa utaratibu uitwao MIME, ulioiwezesha barua pepe kubeba picha, sauti na hata herufi zisizo za Kiingereza. Baadaye mafundi wakaanza kutengeneza kiolezo, mfano wa ile karatasi ya fundi cherehani: unakata mara moja, unashona nguo mia. Lakini programu za kusomea barua hazilingani, kila moja inaivaa nguo hiyo kivyake. Mwaka 2007 Outlook mpya ya Microsoft iliacha mtambo wa kusomea kurasa za mtandao, ikashika ule wa Word, programu ya kuchapia barua za ofisini. Violezo vilivyokuwa vimenyooka vikapinda. Mafundi wakarudi kwenye majedwali, jedwali ndani ya jedwali, mtindo ambao wenzao wa kurasa za mtandao walikuwa wakiutupa. Mwaka 2009 walipiga kelele kwenye Twitter. Microsoft ikajibu kwamba Word ndiyo chombo kizuri zaidi cha kuandikia barua. Jibu la mwenye duka, kwa maoni yangu, si la mnunuzi.

Kasoro ya pili haikuondolewa na mafundi, bali na Bunge. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iliagiza kila barua ya biashara ionyeshe anwani halisi ya mtumaji na njia ya mpokeaji kujitoa. Ndiyo yale maandishi madogo ya chini. Wengine huyachapa kwa rangi ya majivu, yasionekane. Lakini yapo, na wale 400 wa mwaka 1978 hawakuwa nayo.