Oveni Haikuwahi Kuponya Kadi ya Picha

Karibu na mwaka 2008, wenye kompyuta waliokuwa na kadi za picha zilizokufa walianza kuziweka kwenye oveni za jikoni. Utaratibu ulienea kutoka kwa mmoja hadi mwingine bila kubadilika sana. Unafungua feni na bamba la kupozea, unafuta masalia ya krimu ya joto, unaiegemeza kadi juu ya vidonge vinne vya karatasi ya alumini ili isiguse sinia, kisha unaiacha ndani kwa dakika nane hadi kumi kwenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Ikishapoa unaipaka krimu mpya na kuirudisha kwenye mashine. Mara nyingi skrini iliyokuwa ikiandika kwamba haipati mawimbi iliwaka, na picha ikarudi safi kabisa. Kutokana na mafanikio hayo yakazuka maelezo yanayoaminiwa na mafundi wengi hadi leo: kwamba Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi kwenye lehemu kuanzia tarehe 1 Julai 2006, viwanda vikahamia lehemu ya bati iliyo ngumu, lehemu hiyo ikapasuka chini ya chipu, na joto la oveni likaiyeyusha na kuiunga upya. Maelezo hayo yanaingia akilini kwa urahisi. Hata hivyo, ushahidi uliopo unayakataa, na kuyakubali kumewagharimu wanunuzi wengi.

Tuanze na joto lenyewe. Lehemu ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Lehemu iliyochukua nafasi yake, ambayo ni mchanganyiko wa bati, fedha na shaba, haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 217. Oveni iliyowekwa kwenye nyuzi 200 haiwezi kuyeyusha lehemu ile iliyokuwa ikilaumiwa. Kama kadi ilifufuka kwenye joto hilo, basi haikufufuliwa na lehemu iliyoyeyuka. Mtu anaweza kujibu kwamba vipimo vya oveni za nyumbani haviaminiki, na kwamba baadhi yake huvuka nyuzi 217 bila mwenyewe kujua. Ni kweli. Lakini oveni za watu wengi, katika nchi nyingi, haziwezi zote kukosea kuelekea juu na kwa kiasi kinachotosha tu kuyeyusha lehemu bila kuunguza plastiki za soketi.

Ufa ulikuwa mahali pengine. Chipu ya picha haikai moja kwa moja juu ya bodi. Kipande cha silikoni hugeuzwa kifudifudi juu ya kibao chake chembamba, nacho kibao hicho ndicho kinacholehemiwa kwenye bodi. Kati ya silikoni na kibao kuna vinundu vidogo vingi vya lehemu, na nafasi iliyobaki hujazwa gundi maalumu ili isaidie kubeba mkazo. Silikoni ikipata joto hutanuka kidogo sana, ilhali kibao hutanuka mara tano au zaidi. Kila mashine inapowashwa na kuzimwa, vitu hivyo viwili huvutana, na vinundu ndivyo vinavyoumia. Gundi ikilegea mapema, kwenye joto ambalo chipu hulifikia ikiwa kazini, vinundu hubaki peke yao. Na katika kadi zilizoleta sifa mbaya ya kipindi hicho, vinundu hivyo vilikuwa karibu risasi tupu. Sheria ya Ulaya ilikuwa imeacha nafasi kwa lehemu zenye zaidi ya asilimia 85 ya risasi, ambazo huhitaji karibu nyuzi 300 kuyeyuka. Kwa hiyo kosa lililotupiwa ukosefu wa risasi lilitokea mahali palipojaa risasi.

Haya si makisio ya mafundi. Julai 2008 Nvidia, kampuni ya chipu za picha, ilitangaza kwamba baadhi ya chipu zake za kompyuta mpakato zilikuwa zikifa kwa kiwango kisicho cha kawaida kwa sababu ya udhaifu wa malighafi za chipu na kifungashio chake, na ikatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya waranti na matengenezo. Mwezi huohuo Dell iliwapa wateja programu mpya ya BIOS iliyobadilisha mwenendo wa feni, ili kupunguza kupanda na kushuka kwa joto la chipu. Lengo halikuwa baridi tu. Hatari ilikuwa ile safari ya joto kwenda na kurudi. Oktoba 2008 Apple ikaeleza kwamba Nvidia iliihakikishia kuwa kompyuta zake hazikuguswa, lakini uchunguzi wake yenyewe ulionyesha vinginevyo: MacBook Pro zenye chipu ya GeForce 8600M GT zingeweza kuonyesha picha iliyovurugika au kutoonyesha kitu kabisa. Ikakubali kuzitengeneza bure.

Pingamizi zito zaidi ni la fundi mwenyewe: mbona zilipona? Jibu linalolingana na ushahidi wote ni kwamba joto lilivitanua vinundu vilivyopasuka hadi nyuso mbili za ufa zikagusana tena. Umeme ulipita, skrini ikawaka, lakini ufa ulibaki palepale. Ndiyo maana kadi nyingi za oveni zilikufa tena baada ya wiki au miezi michache. Waliokuwa na mashine za kung'oa chipu na kubadilisha mipira yote ya lehemu chini yake walidai kazi yao ni tofauti, maana wao waliweka lehemu mpya yenye risasi. Lakini ili kuing'oa chipu ni lazima uipashe moto kupita nyuzi 217, yaani unaipa dawa ileile ya oveni kabla hujagusa mpira hata mmoja. Bodi zilizodumu ni zile zilizopewa chipu mpya iliyotengenezwa kwa malighafi zilizorekebishwa.

Mashine ya michezo ya Xbox 360 inatoa ushahidi wa pili. Mashine hizo zilipokuwa zikifa kwa wingi, Microsoft ilirefusha waranti yake mwaka 2007 kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni moja, na kwa miaka mingi lehemu isiyo na risasi ndiyo iliyobeba lawama. Katika filamu ya historia ya Xbox iliyotolewa na Microsoft mwaka 2021, wahandisi walioshughulikia tatizo hilo walisema viunganishi vilivyokatika vilikuwa ndani ya vipuri, kwa mkazo wa kuwasha na kuzima. Sikatai kwamba lehemu ya bati ina matatizo yake, na bodi zilizolehemiwa vibaya zipo. Ninachokataa ni kuifanya sababu ya kila skrini nyeusi.

Tofauti hii ina uzito kwa mteja. Lawama ilipokwenda kwa sheria ya mazingira, waliochagua gundi na vinundu walipumua, na mwenye mashine akaambiwa kwamba tatizo linatibika jikoni. Kompyuta mpakato za miaka hiyo ziliendelea kuuzwa mkono wa pili kwa muda mrefu, hata katika masoko yetu ya Afrika Mashariki, na mnunuzi hawezi kutambua kwa macho kama chipu imekwisha kupashwa moto. Fundi, skrini ikikosa mawimbi anza na kebo, soketi, kondakta za umeme na skrini nyingine, maana huko ndiko yanakotoka matatizo mengi. Ukifika hatua ya kuipasha chipu moto ili picha irudi, umeshapata jibu: chipu imekufa. Mwambie mteja hivyo kabla hajalipa, na usimuuzie mtu mwingine mashine hiyo bila kumwambia.