Mvua Ilikuwa Imekatika

Saa kumi jioni. Ni Februari, mvua iko katikati ya msimu wake. Kinsevere, kaskazini mwa Lubumbashi, wengi wanaijua kwa shaba. Sisi tunaoishi huku tunaijua pia kwa vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba. Udongo wake hushikana vizuri, ndio tunaofyatulia matofali. Nyumba ninayoisimulia ilitoka humo: matofali mabichi yaliyokauka juani, yakaunganishwa kwa udongo uleule.

Saa moja usiku. Bukari, ugali wetu, imeshaliwa, mvua inashuka kwa nguvu. Bati halikuupita ukuta hata shubiri moja. Maji yalianguka chini yakarukia tofali la kwanza, lililokaa juu ya ardhi bila msingi wa mawe. Saruji iliyopakwa nje ilikuwa na nyufa. Maji yaliingia nyuma yake, yakakosa pa kutokea.

Saa nne. Jirani akamulika tochi. Mguu wa ukuta umelika, ngumi inaingia. "Yaya, huu ukuta unakunywa maji." Mwenye nyumba akajibu atauangalia kukikucha.

Saa saba. Mvua ikakatika, watu wakalala. Lakini maji yaliyokwisha kuingia huendelea kupanda ndani ya tofali. Ukuta unazidi uzito huku nguvu zikiuishia.

Saa tisa. Mama mwenye nyumba anasukuma mlango, umekaza. Anageuka, anauona ukuta umetoa tumbo. "Batoto, mutoke inje!" Watoto wakapitia dirishani, naye nyuma yao. Bibi yao alikuwa chumba cha pili.

Saa tisa na nusu. Ukuta ukalala kwa ndani, mbao na mabati vikafuata. Tulianza kwa majembe, kisha tukayatupa tukachimba kwa mikono, tusije tukamjeruhi.

Saa kumi na mbili asubuhi. Bibi akatolewa, amekwisha kufariki.

Matangani wengine walisema udongo umepitwa na wakati, tuchome matofali. Kuchoma kunataka kuni, na miti imekwisha kuliwa na makaa. Tena nyumba ya jirani, ya udongo wa kichuguu kilekile, haikupata hata ufa: msingi wake ni mawe, bati limetokeza urefu wa mkono, mtaro unapeleka maji mbali.

Siku hizi, kabla ya Novemba, tunapita nyumba kwa nyumba tukikagua miguu ya kuta. Ukuta uliotoa tumbo hatuuwekei mti wa kuuegemeza watu wakaendelea kulala ndani. Wanahama kwanza, hata kama jua linawaka.