Ukuta Uliokosekana Le Mans

Leo hatutaanza na Maandiko. Twataka kwanza kusimulia habari ya mashindano ya motokaa yaliyofanywa huko Ufaransa mwaka wa 1955, nasi twaomba mtuvumilie, maana wako wazee wa kanisa watakaouliza motokaa za mashindano zawahusu nini watu wa Mungu. Zawahusu, kwa sababu siku ile walikufa watu zaidi ya 80, na wote isipokuwa mmoja hawakuwa ndani ya gari lolote. Walikuwa wamesimama wakitazama.

Mji wenyewe waitwa Le Mans, nao uko kusini-magharibi ya Paris. Mashindano yake yalianza mwaka wa 1923, na sheria yake ni nyepesi kueleza ingawa ni ngumu kuitimiza. Magari huondoka saa kumi alasiri siku ya Jumamosi, na huenda usiku kucha mpaka saa kumi alasiri ya Jumapili. Madereva hupokezana usukani. Hakuna mahali pa kufikia. Anayeshinda ni yule aliyekwenda masafa marefu kuliko wengine katika saa zile 24. Barabara wakati huo zilikuwa za kawaida, zile zile ambazo siku nyingine zilipita mikokoteni ya wakulima na malori, lakini siku za mashindano zilifungwa zikafanywa duara moja. Mwaka ule wa 1955 duara hilo lilikuwa la kilomita 13 na nusu.

Wenye viwanda waliyapenda sana mashindano hayo, kwa kuwa gari likivumilia saa 24 za namna ile, mnunuzi hana haja ya kuhakikishiwa zaidi. Sisi wa Afrika Mashariki twalielewa jambo hili. Mercedes-Benz iliposhinda mashindano yetu ya Safari mwaka wa 1959, tena 1960, tena 1961, hakuna muuzaji aliyepata shida kumweleza mtu kama gari hilo lina nguvu.

Basi mwaka wa 1955 macho ya wengi yalikuwa juu ya viwanda viwili. Jaguar ya Uingereza ilikuwa imeshinda Le Mans mwaka wa 1951 na 1953. Mercedes-Benz ya Ujerumani ilishinda katikati yao, mwaka wa 1952. Waitalia wa Ferrari, walioshinda mwaka wa 1954, walikuwako pia na magari yenye mbio sana. Lakini Waingereza na Wajerumani walikuwa na hesabu ya zamani kuliko ya motokaa. Vita Vikuu vilikuwa vimekwisha miaka kumi tu, na magari ya Wajerumani yenye rangi ya fedha yalikuwa yakinguruma juu ya ardhi ya Ufaransa, ambayo majeshi yao yaliwahi kuikalia.

Hata breki zilikuwa sehemu ya shindano. Jaguar walitumia breki za diski, ambazo wakati huo zilikuwa jambo geni, nazo zilisimamisha gari kwa ghafula kuliko zile za zamani. Mercedes walibaki na breki za zamani, wakaongeza bamba kubwa nyuma ya dereva, ambalo aliliinua alipotaka kupunguza mwendo, nalo likashika upepo kama mwavuli uliofunguka. Kila upande ulidhani dawa yake ndiyo bora.

Twapenda tukae kidogo kwa dereva mmoja wa Mercedes, maana habari zake huwa zasimuliwa upesi mno. Alikuwa Mfaransa, jina lake Pierre Levegh, umri wake miaka 49. Mwaka wa 1952 alifanya jambo ambalo sisi twaliona karibu na wazimu: alikaa kwenye usukani peke yake muda wa karibu saa 23, asikubali kumpisha mwenzake hata mara moja, na alikuwa akiongoza. Ilipobaki saa moja na kitu injini ikavunjika. Walioupokea ushindi wake walikuwa Mercedes. Pengine ndiyo sababu Alfred Neubauer, mzee aliyesimamia timu ya Mercedes, hakumsahau. Mwaka wa 1955 alimpa nafasi katika mojawapo ya magari yake matatu, apokezane na Mmarekani aitwaye John Fitch. Katika gari jingine Neubauer aliwaweka Juan Manuel Fangio wa Argentina na kijana Mwingereza, Stirling Moss.

Tarehe 11 Juni, Jumamosi, magari 60 yaliondoka mbele ya watu wapatao robo milioni. Fangio alichelewa kidogo, kwa kuwa suruali yake ilinaswa na mkono wa gia alipokuwa akiruka ndani. (Hata mabingwa wa dunia huvaa suruali kama sisi.) Mwitaliano Castellotti aliongoza mwanzo katika Ferrari. Kisha Mike Hawthorn katika Jaguar na Fangio katika Mercedes wakampita, na tangu hapo ikawa kana kwamba wamesahau kuna saa 24. Walikimbizana kama watu wenye mzunguko mmoja tu uliobaki. Hawthorn alizunguka kilomita zile 13 na nusu kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 197 kwa saa.

Sasa mtazame mahali penyewe. Mbele ya jukwaa kubwa la watazamaji palikuwa na vibanda vya mafundi, ambamo magari huingia kutiwa petroli na kubadilishwa magurudumu. Vibanda hivyo vilikuwa kando kabisa ya barabara. Hapakuwa na ukuta wala njia ya pembeni ya kutenga gari linalosimama na gari linalopita kwa kasi zote. Barabara ilikuwa nyembamba, tena ilijipinda kidogo kabla ya kufika pale. Ng'ambo ya pili palikuwa na tuta la udongo, na nyuma ya tuta, watu. Wengine walikuwa wamepanda juu ya viti na ngazi wapate kuona.

Ilipata saa kumi na mbili na dakika 26 jioni. Hawthorn alikuwa amepewa ishara aingie kutia petroli. Alimpita Mwingereza mwenzake, Lance Macklin, aliyekuwa na gari dogo la Austin-Healey, kisha akashika breki kuelekea kibandani, upande wa kulia. Macklin, akiona Jaguar inasimama mbele yake, alishika breki naye, gari likayumba kwenda kushoto. Nyuma yake alikuwa anakuja Levegh kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na nyuma ya Levegh, Fangio. Levegh hakuwa na nafasi ya kwenda kokote. Gari lake lilipanda mgongo wa lile la Macklin kama mtu apandavyo mteremko, likaruka, likagonga tuta na kuvunjika vipande. Injini, ekseli ya mbele na boneti vilitupwa katikati ya watu. Kiwiliwili cha gari kilikuwa kimetengenezwa kwa magnesiamu, madini mepesi ambayo yakishika moto huwaka kwa mwanga mweupe, na maji huuzidisha moto huo. Levegh alitupwa nje akafa papo hapo. Fangio alipenya katikati bila kuguswa, na maisha yake yote alisema kwamba Levegh aliinua mkono kumwonya. Macklin alitoka hai.

Hatutasimulia yaliyoonekana nyuma ya tuta. Watu zaidi ya 80 walikufa na wengine zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Baadhi yao walikuwa watoto waliobebwa na baba zao wapate kuona vizuri.

Na mashindano yakaendelea.

Jambo hili ndilo linalowakasirisha watu wengi wanaposikia habari hii mara ya kwanza, nasi pia. Lakini yafaa tuwasikilize waliokata shauri. Walisema kwamba wakiyasimamisha, watu robo milioni wataingia barabarani kwa pamoja, na magari ya wagonjwa hayatapata njia ya kwenda hospitali. Hoja hiyo si ya mjinga. Wengi waliokuwa mbali, upande wa pili wa mzunguko, hawakujua kwa saa nyingi kwamba kuna mtu aliyekufa. Tungekuwa sisi wenye kushika bendera jioni ile, hatudhani tungeliona neno la kufanya kwa wepesi kama tunavyoliona leo.

Lakini hoja ya saa kumi na mbili jioni si hoja ya usiku wa manane. Majeruhi wakiisha kuchukuliwa, barabara za hospitali zikiwa wazi, ni sababu gani iliyobaki? Hapo ndipo kila timu ilipoachwa na dhamiri yake. Fitch, ambaye hakuwa ameendesha hata mzunguko mmoja, aliwasihi Mercedes wajitoe. Neubauer aliwasiliana na wakubwa wake huko Stuttgart, jibu likangojewa. Lilipokuja, ilikuwa karibu saa nane ya usiku. Wakati huo gari la Fangio na Moss lilikuwa mbele ya Jaguar kwa mizunguko miwili, na Mercedes nyingine ilikuwa ya tatu. Yaliitwa yote mawili, yakapakiwa, na kabla ya mapambazuko Wajerumani walikuwa njiani kwenda kwao. Wako wasemao kwamba waliogopa tu magazeti, kwamba gari la Kijerumani kuua Wafaransa, miaka kumi baada ya vita, lingeharibu biashara. Huenda ikawa kweli kwa sehemu. Sisi hatujui kazi njema nyingi zilizofanywa na wanadamu kwa sababu moja tu iliyo safi.

Waliwaomba Jaguar waondoke pamoja nao. Msimamizi wa Jaguar, Lofty England, alikataa. Aliona timu yake haikuwa na kosa la kujibu. Mtu huyu tusimwite mwenye moyo wa jiwe. Mwenye kiwanda chake, William Lyons, alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee, John, siku zile zile katika ajali barabarani akiwa njiani kwenda Le Mans. Kifo kilikuwa kimekwisha kuingia katika nyumba ya Jaguar kabla mashindano hayajaanza, na bado waliendelea. Jumapili alasiri Hawthorn na mwenzake Ivor Bueb walishinda, wakiwa wamekwenda kilomita 4,135. Mpiga picha alimkuta Hawthorn akitabasamu na chupa ya divai mkononi, na magazeti ya Ufaransa hayakumsamehe.

Kisha likaja swali ambalo huja baada ya kila msiba: ni nani mwenye kosa? Waingereza wengi walimlaumu Levegh kwamba alikuwa mzee mno. Wengine walimlaumu Hawthorn kwa breki zake za ghafula. Macklin alipokisoma kitabu cha Hawthorn alijiona ametupiwa lawama, akaenda mahakamani. Serikali ya Ufaransa ilichunguza, ikaamua kwamba hakuna dereva wa kuhukumiwa.

Katika Kumbukumbu la Torati iko sheria fupi ambayo ni nadra kusikika mimbarani. Yamwagiza mtu anayejenga nyumba aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili damu ya atakayeanguka isihesabiwe juu ya nyumba ile. Angalieni, ndugu, haiulizi ni nani aliyemsukuma aliyeanguka, wala kama yeye mwenyewe alikuwa mzembe. Yamwuliza mwenye nyumba habari za ukingo.

Mwaka wa 1923 washindi wa Le Mans walikwenda kilomita 2,209 katika saa 24. Mwaka wa 1955, kilomita 4,135. Kwa miaka 32 wahandisi wa Coventry, Stuttgart, Modena na kwingineko waliongeza nguvu za injini, wakapunguza uzito, wakavumbua breki na mabamba ya upepo, mpaka mwendo ukakaribia kuwa maradufu. Na watazamaji? Walibaki nyuma ya tuta la udongo. Kila mtu alikuwa na kazi ya kuongeza mwendo, hakuna aliyekuwa na kazi ya kupima tuta. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kosa lilipokaa, nalo lilikaa miaka mingi kabla Hawthorn hajagusa breki.

Ukingo ukajengwa baadaye. Kabla ya mashindano ya mwaka wa 1956 vibanda vilibomolewa vikajengwa upya, barabara ikapanuliwa na ile kona ndogo kunyoshwa, pakawekwa njia ya kupunguzia mwendo, na mtaro mpana ukachimbwa kati ya magari na watu. Idadi ya magari ikapunguzwa kuwa 52. Uswisi ilipiga marufuku mashindano ya namna hiyo kwa miaka mingi. Mercedes walijitoa katika mashindano mwishoni mwa 1955, na ushindi wa Le Mans hawakuupata tena mpaka mwaka wa 1989. Washindi wale wawili hawakuishi sana. Mnamo Januari 1959 Hawthorn, mwenye miaka 29, alikufa katika barabara ya kawaida karibu na Guildford, akiendesha Jaguar yake, muda mfupi baada ya kuipita Mercedes ya mtu anayefahamiana naye. Bueb alikufa mwaka ule ule, baada ya ajali ya mashindano huko Ufaransa.

John Fitch, yule aliyewasihi wenzake waondoke, aliishi mpaka mwaka wa 2012, umri wake miaka 95. Sehemu kubwa ya maisha hayo aliitumia kufikiri jinsi gari lenye mwendo linavyoweza kusimama bila kuua mtu. Alibuni mapipa ya plastiki yanayotiwa mchanga, kila safu kiasi chake, yakapangwa mbele ya nguzo za madaraja na kuta za saruji katika barabara kuu za Marekani, ili gari likiyagonga lipunguze mwendo kidogo kidogo. Alipotaka kujua kama yanafaa, hakumtuma mtu mwingine. Aliingia garini mwenyewe, akafunga mkanda, akayaendea kwa kasi.