Mawingu na Chembe za Hewani katika Maeneo ya Ncha za Dunia

Wingu halifanyiki kwa mvuke peke yake. Ili mvuke ugeuke kuwa tone, sharti upate chembe ya kushikamana nayo: chumvi ya bahari, vumbi au moshi. Chembe hizo zinazoelea hewani huitwa erosoli. Karibu na ncha za dunia mara nyingi huwa chache. Kwa hiyo hata ongezeko dogo laweza kulibadili wingu.

Tumezoea kusema kwamba maji huganda yafikapo nyuzi 0 za Selsiasi. Lakini matone madogo ya wingu yaweza kubaki majimaji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, yasipopata chembe ya kuanzishia barafu. Chembe zenye uwezo huo, kama vile baadhi ya vumbi la udongo, ni adimu. Zikiwapo, barafu huanza kukua ndani ya wingu, hunyonya mvuke, matone hupungua na theluji huanguka.

Tofauti hiyo si ndogo. Wingu la matone huzuia joto la ardhi lisipotee angani, kama blanketi. Wingu jembamba la barafu tupu huzuia kidogo zaidi. Mwezi Julai 2012, karibu asilimia 97 ya uso wa barafu ya Greenland iliyeyuka, hata kileleni, zaidi ya mita 3,200 juu ya bahari. Watafiti walibaini kwamba mawingu mepesi ya matone yalichangia: yalipitisha mwanga wa jua, lakini yalizuia joto lisitoke.

Mkono wa binadamu nao umo. Wakati wa baridi na mwanzoni mwa majira ya kuchipua, moshi wa viwanda vya Ulaya na Asia husafiri hadi Aktiki. Chembe zake hugawa maji ya wingu katika matone mengi na madogo zaidi, na blanketi hilo huweza kuwa zito zaidi. Ili kupima mambo hayo, meli Polarstern iliachwa ichukuliwe na barafu ya Aktiki tangu 2019 hadi 2020.

Tusiyaone haya kuwa mambo ya mbali. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, bahari ingepanda kwa takriban mita 7, na maji hayo yangefika Lamu na Unguja pia. Chembe isiyoonekana kwa macho hushiriki kuamua ni kiasi gani kitayeyuka.