Kamera iliyofia katikati ya apdeti

Wadau, juzi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, namwangalia fundi akihangaika na kamera ya ulinzi. Mwenyewe alikuwa anaiapdeti nyumbani, LUKU ikaisha njiani. Umeme uliporudi taa inawaka, picha hakuna.

Ugonjwa huu una historia. Zamani, kufuta programu ndani ya chipu ya EPROM (Intel, 1971) ulihitaji taa maalumu ya miale ya urujuanimno, kwa hiyo hakuna aliyeifuta kwa bahati mbaya sebuleni. Kisha Fujio Masuoka wa Toshiba akaja na flashi, akaitangaza mwaka 1984: inafutwa kwa umeme tu, tena kipande kizima kwa mara moja. Ndiyo iliyotuletea apdeti. Na kifo hiki pia: ya zamani imeshafutwa, mpya haijamaliza kuandikwa.

Fundi hakubabaika. Kile kiprogramu kidogo cha kuwashia kilikuwa kizima. Akachomeka waya wa mtandao kwenye laptop, akairudishia faili kwa TFTP, njia ya mwaka 1981 (mkubwa kuliko mimi!). Picha ikarudi.

Mwenyewe akaapa hagusi apdeti tena. Namwelewa, lakini Oktoba 21, 2016 kirusi Mirai kilitumia kamera na rekoda kuiangusha kampuni ya Dyn, Twitter ikapotea kwa wengi Marekani. Baadhi zilikuwa na nywila iliyoandikwa ndani ya programu yenyewe, mwenye kamera hawezi kuibadilisha.

"Bosi, nunua UPS kwanza," fundi akamwambia. Wakaanza kupatana bei.