Nyumba Ikibaki Peke Yake: Fundisho la Goma

Mtu asafiriye kwa hiari yake hupata nafasi ya kujiandaa. Hufunga madirisha, humwachia jirani ufunguo, huagana na watu, ndipo ashike njia. Lakini iko safari nyingine isiyongoja maandalizi. Watu wa Goma waijua vema, maana mji wao umejengwa chini ya Nyiragongo, mlima wa moto.

Keshero ni mtaa wa upande wa magharibi wa Goma, kwenye njia iendayo Sake. Nyumba nyingi huko ni za mbao na mabati, zimesimama juu ya mawe meusi ya lava ya kale. Mwizi mwenye kipande cha chuma hahitaji muda mrefu kung'oa ubao. Kwa hiyo kufuli peke yake haitoshi. Ulinzi wa kweli ni macho ya majirani.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni. Mto wa moto ulishuka ukaukata mji vipande viwili, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaangamiza kanisa kuu, ukaingia katika Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, nchini Rwanda. Watu wapata 120,000 walibaki bila makao.

Basi, msomaji, tazama jambo hili. Baada ya siku chache tu, lava ikiwa bado yafuka moshi, watu walianza kurudi makundi kwa makundi, wakikanyaga mawe yenye moto. Kwa nini? Wengine walikosa chakula na pa kulala huko ugenini. Lakini wengi waliogopa kwamba mali iliyosalimika na moto haitasalimika na wezi. Hofu hiyo haikuwa bure, kwa kuwa uporaji ulikuwapo. Tarehe 21 Januari watu walikwenda kuchota mafuta katika kituo kilichozungukwa na lava ya moto. Kituo kikalipuka, na makumi ya watu wakafa.

Mlima ukawaka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Safari hii lava ilisimama kwenye ukingo wa mji, upande wa kaskazini, lakini matetemeko yaliendelea siku nyingi. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe. Keshero haikuwa miongoni mwake, lakini wengi waliokwenda Sake walipita njia yake, wamebeba magodoro, masufuria na watoto. Ruhusa ya kurudi pole pole ilitolewa tarehe 7 Juni. Hapo katikati mwenye nyumba hakuwa na raha: akikaa ugenini, awaza mlango wake, akirudi mapema, ahatarisha maisha yake.

Tena, hatari si moto peke yake. Pande hizo za magharibi ya Goma watu waijua mazuku, hewa nzito ya kaboni itokayo ardhini na kutuama mabondeni. Haionekani kwa macho, nayo huua mbuzi, hata mtu. Anayerudi gizani kuchungulia kufuli yake aweza kukutana na mauti asiyoyaona.

Kwa hiyo yatupasa kuelewa kwamba ulinzi mwema wa nyumba si kwa ajili ya mali tu. Mtu anayemwamini jirani yake aweza kukaa mbali mpaka hatari ipite. Asiyemwamini mtu hurudishwa na hofu kabla ya wakati wake.

Uaminifu huo haununuliwi siku ya moto. Hujengwa siku za amani. Yafaa majirani wajuane, na mkuu wa nyumba kumi ajue nani yupo na nani amesafiri. Hati za kiwanja, vyeti vya shule na karatasi za ubatizo ziwekwe pamoja katika mfuko mmoja, zichukuliwe pamoja na watoto; ndivyo sababu ya kurudi haraka itakavyopungua. Usitangaze safari yako sokoni. Mwambie yule mmoja au wawili wanaohusika. Na ukimwachia mtu ulinzi, mwambie waziwazi: mlima ukiwaka, aache yote akimbie. Mbao na mabati vyaweza kununuliwa tena.